Kadi ya grafiki kwa kompyuta ya zamani: GT 1030, GTX 1050 Ti, GTX 1650, RX 6400 au Quadro P1000?

Mwezi uliopita kijana jirani yangu alibisha hodi akiwa na GTX 1050 Ti kaiviringishia gazeti. Kompyuta yake ni Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba inayolazwa chini ya monita. Tukafungua kifuniko, tukapuliza vumbi, tukaishusha kadi. Haikufika hata kwenye sloti, ule mfereji wa ubao mama ambamo kadi huchomekwa. Bati lake la nyuma lina urefu wa sentimita 12, na boksi lile linapokea bati la sentimita 8, kwa hiyo ikagota kwenye ukingo na kuning'inia hapo. Muuzaji alipopigiwa simu akasema mali ikishatoka dukani hairudi. Kadi nzima, kompyuta nzima, na havioani.

Kwa hiyo hapa tutaanza na boksi, kadi zitafuata. (Boksi ni kile ambacho wengi wetu tunakiita CPU. CPU yenyewe ni prosesa, kile kichipu kilicho chini ya feni. Nimeshachoka kusahihisha watu, ila humu tukiyachanganya tutapotea.)

Mashine ninazozisema ni zile za ofisini, zilizotumika Ulaya au Dubai kisha zikaja kujaa Kariakoo na Luthuli Avenue: OptiPlex 3020, 7010 na 9020, HP EliteDesk 800 G1 na ndugu zao. Ndani mara nyingi kuna Core i5 ya kizazi cha tatu au cha nne. Ni mashine ngumu, bei yake inashikika, na kilichozibana ni grafiki iliyomo ndani ya prosesa.

## Vigezo kabla ya majina

Umbo. Pima kwa rula. Boksi la kusimama lenye upana wa kutosha linapokea kadi ya kimo cha kawaida. Boksi jembamba linataka kadi fupi, ile mafundi wanayoiita lo-profaili, pamoja na bati lake fupi. Kadi fupi yenye bati refu bado haifungiki, na mabati mafupi ndiyo hupotea kwanza kadi ikishapita mikono miwili mitatu. Kisha tazama unene: kadi nyingine hula nafasi ya sloti moja, nyingine mbili. Angalia upande ambao feni ya kadi itaelekea. Kama hapo pameshakaliwa na pawa saplai, kadi nene haina pa kwenda.

Umeme. Hapa ndipo watu huunguza vitu, basi tukae kidogo. Sloti ya x16, ile ndefu ya kadi ya grafiki, inaweza kuipa kadi hadi wati 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huwa na tundu la pini 6 au 8 la kupokea kebo moja kwa moja kutoka pawa saplai. OptiPlex 7010 nyembamba inakuja na pawa saplai ya wati 240, na 9020 nyembamba wati 255. Kebo ya kadi hazina.

"Si nitabadilisha pawa saplai?" Unaweza, lakini 9020 inaunganishwa na ubao mama kwa plagi ya pini 8 badala ya zile 24 za kawaida, na EliteDesk 800 G1 kwa pini 6. Utahitaji adapta maalumu, na kwenye boksi jembamba pawa saplai ya kawaida haiingii kabisa.

Halafu kuna vile viadapta vya kugeuza plagi ya SATA iwe pini 6. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 kwenye laini ya volti 12, wakati tundu la pini 6 linairuhusu kadi kuvuta 75. Niliwahi kukitumia. Wiki ya pili, katikati ya gemu, nikasikia harufu ya plastiki. Nilipoichomoa, plagi iliyokuwa nyeupe ilikuwa imegeuka kahawia na tundu moja limejikunja kama nta. Siku hizi kadi yenye tundu la umeme siiweki kwenye boksi lisilo na kebo yake, basi.

Sloti. Core i5 na i7 za kizazi cha tatu na cha nne kwa kawaida zinatoa PCIe 3.0 (PCIe ni mfumo wa kupitisha data kati ya kadi na kompyuta, namba ikipanda kasi inapanda), za kizazi cha pili zinaishia 2.0. Kuna mtego mmoja: ubao wenye chipseti (chipu inayosimamia ubao mama) ya H81, kama wa OptiPlex 3020, unabaki 2.0 hata ukiuwekea i5 ya kizazi cha nne. Kwa kadi yenye njia 16 za kupitishia data hutaona tofauti kubwa. Kwa kadi yenye njia 4 utaiona.

Monita. Je, yako ina VGA peke yake? Hakuna hata moja kati ya kadi hizi tano yenye tundu la VGA. Utanunua adapta ya kugeuza HDMI au DisplayPort kwenda VGA, ile yenye chipu ndani. Kile kiplagi cha bei ya chee cha DVI kwenda VGA hakifanyi kazi kwenye kadi hizi.

Kazi na umri wa draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi). Gemu, kuhariri video, michoro ya majengo na kuangalia YouTube ni mahitaji manne tofauti. Na kadi isiyopata draiva mpya inaendelea kufanya kazi, ila gemu mpya zitaanza kuisumbua siku moja.

Kabla ya yote hayo: kama bado una diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4, pesa ya kwanza iende kwenye SSD na RAM ya GB 8 au zaidi, vipande viwili vinavyofanana. Kadi nzuri juu ya RAM ya GB 4 itakufanya uilaumu bure.

## Kwa jicho moja

(Chipu ya kubana video ni ile sehemu ya kadi inayofanya kazi ya kurekodi au kurusha video badala ya prosesa.)

| Kadi | Ilitoka | Kumbukumbu | Wati | Njia za PCIe | Chipu ya kubana video |
|---|---|---|---|---|---|
| GT 1030 | 2017 | GB 2 | 30 | 4 | haina |
| GTX 1050 Ti | 2016 | GB 4 | 75 | 16 | inayo |
| GTX 1650 | 2019 | GB 4 | 75 | 16 | inayo |
| RX 6400 | 2022 | GB 4 | 53 | 4 | haina |
| Quadro P1000 | 2017 | GB 4 | 47 | 16 | inayo |

## GT 1030

Umbo lake halimpi mtu shida: fupi, nyepesi, na zipo zisizo na feni kabisa, jambo zuri mahali penye vumbi. Wati 30 hata pawa saplai iliyochoka inazimudu. Inatumia njia 4 tu, lakini nguvu yake ni ndogo kiasi kwamba PCIe 2.0 haiibani sana. Nyuma kwa kawaida ina HDMI na DVI.

Kazi yake hasa ni kuipumzisha prosesa. Grafiki ya ndani ya i5-3470 haina uwezo wa kucheza video za VP9, ambazo YouTube inazitumia sana, kwa hiyo mzigo wote unaiangukia prosesa na feni inaanza kuunguruma. GT 1030 inaubeba. Gemu za zamani na za mtandaoni nyepesi zitakwenda, zile nzito usijidanganye. Na kwa kuwa haina chipu ya kubana video, kurusha gemu mubashara au kurekodi skrini kutairudia prosesa.

Kuna toleo lake la kulikimbia. Mwaka 2018 ilitoka GT 1030 yenye kumbukumbu ya aina ya DDR4, iliyo polepole kuliko GDDR5 ya mwanzo, jina lilelile na boksi karibu lilelile. Ya GDDR5 inapitisha data GB 48 kwa sekunde, ya DDR4 kama 17. Soma maandishi madogo pembeni ya boksi, au mwambie muuzaji aichomeke uione.

Inamfaa mtu wa ofisi ya nyumbani, mwanafunzi, na anayetaka monita mbili bila makelele.

## GTX 1050 Ti

Hii ndiyo kila mtu anaiulizia, na ndiyo inayoghushiwa kuliko zote, hivyo nitaisema kwa urefu.

Zipo fupi na zipo ndefu. MSI na Gigabyte walitengeneza fupi, ila nyingi zinazozunguka sokoni ni za kimo cha kawaida, na hata zile fupi huwa nene za sloti mbili. Umeme: wati 75, yaani inakula kila inachoweza kutoa sloti. Baadhi ya matoleo yana tundu la pini 6, hivyo geuza kadi uangalie ukingo wa juu kabla ya kutoa pesa. Njia 16, kwa hiyo kwenye OptiPlex 3020 yenye PCIe 2.0 inakaa vizuri. Matundu ni HDMI, DisplayPort na DVI.

Kwa gemu inaendana vizuri na i5 za umri huu. Mfano mmoja wa kupimia: GTA V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015, orodha rasmi ya mashine iliyopendekezwa ilitaja i5-3470, prosesa ileile utakayoikuta ndani ya 7010 nyingi, pamoja na GTX 660 ya GB 2. 1050 Ti inaipita hiyo GTX 660 na ina kumbukumbu mara mbili. Kwa kuhariri video za 1080p, GB 4 zinatosha kazi za kawaida, na chipu ya kubana video ipo.

Kwenye draiva, familia yake nzima, GT 1030 na Quadro P1000 zikiwemo, ilifikia mwisho wa draiva za gemu Oktoba 2025. Kilichobaki ni marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028.

Sasa za bandia. Kuna kadi za mwaka 2010 na 2011, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, zilizobadilishwa BIOS (programu iliyohifadhiwa ndani ya kadi) ili Windows iziite GTX 1050 Ti. Dalili ya kwanza unaiona kwa macho: tundu la buluu la VGA nyuma. 1050 Ti ya kweli haina. Dalili ya pili ni programu ya bure ya GPU-Z, ambayo tangu 2018 inaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ya namna hiyo. Nenda nayo kwenye flashi. Muuzaji mwenye mali halali hatakuzuia kuifungua.

Inamfaa mcheza gemu mwenye boksi la kusimama na bajeti ya kati, na mhariri wa video anayeanza.

## GTX 1650

Kwa umbo yale yale ya 1050 Ti: fupi zipo, ila zinatafutwa kwa tochi na wanaozijua thamani yake hawaziachi kwa bei ya kutupa. Kwa umeme ni wati 75, lakini hapa kadi nyingi zaidi zina tundu la pini 6, hivyo ukaguzi uwe wa makini. Pia usichanganye na GTX 1650 Super. Hiyo inavuta wati 100 na lazima iwe na kebo.

Njia 16, hivyo ubao wa zamani hauiangushi. Inaizidi 1050 Ti kwa kiasi unachokiona kwenye gemu bila kupima kwa programu. Swali langu ni prosesa. Ukiwa na i5-3470 yenye koa nne, baadhi ya gemu mpya zitakwama kwenye prosesa kabla kadi haijatoka jasho, na ile ziada uliyoilipia unaila nusu. Ukiwa na i7-4770 hesabu inabadilika. Draiva zake zina maisha marefu kuliko za 1050 Ti.

Inamfaa mwenye i7 ya kizazi cha nne au zaidi, na mwenye mpango wa kuihamishia kadi kwenye kompyuta nyingine baadaye.

## RX 6400

Kwa umbo ndiyo iliyokaa kama imeshonewa maboksi membamba: zipo fupi za sloti moja. Wati 53, bila tundu la umeme. Hadi hapo utasema kazi imeisha.

Tatizo liko kwenye sloti. Ina njia 4 za PCIe 4.0, ambazo kwenye ubao mpya zinapitisha kama GB 8 kwa sekunde. Kwenye 9020 yenye PCIe 3.0 zinashuka hadi kama GB 4. Kwenye 3020 yenye PCIe 2.0 zinabaki GB 2. Gemu ikiijaza ile kumbukumbu ya GB 4, kadi inaanza kuchota kwenye RAM kupitia kanjia hako kembamba, na picha zinaanza kukatakata. Kwenye PCIe 3.0 bado ni kadi ya heshima, jirani na GTX 1650. Kwenye 2.0 mimi nisingeinunua.

Nyuma mara nyingi kuna HDMI moja na DisplayPort moja, yaani monita mbili tu. Haina chipu ya kubana video, ingawa ukiiacha grafiki ya ndani ya Intel ikiwa imewashwa kwenye BIOS ya kompyuta (mipangilio yake ya kuwashia), programu kama OBS inaweza kuitumia hiyo kurekodia. Kwa wanaotumia Linux ina faida yake: draiva imo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), huna cha kupakua.

Inamfaa mcheza gemu mwenye boksi jembamba na PCIe 3.0, asiyerekodi sana.

## Quadro P1000

Wachezaji gemu wanaipita bila kuitazama, kwa kuwa jina lake ni la kiofisi. Kumbe ilitengenezwa kwa ajili ya mashine kama hizi hizi: fupi, sloti moja, wati 47, hakuna tundu la umeme, njia 16. Zinapatikana zilizotolewa kwenye kompyuta za wahandisi, na mara nyingi zimefanya kazi ya utulivu maisha yao yote.

Kwenye gemu iko chini ya 1050 Ti, lakini haiko mbali sana. Kwenye AutoCAD na programu za namna hiyo ndiko nyumbani kwake, draiva zake zimepimwa na watengenezaji wa programu hizo. Chipu ya kubana video inayo.

Usumbufu wake ni matundu: mini DisplayPort nne, na hakuna kingine. Kebo ya HDMI uliyonayo haichomeki. Ulizia adapta palepale unaponunua kadi. Ulizia pia bati, maana iliyotoka kwenye boksi kubwa itakuja na bati refu. Ukiona P620 ni mdogo wake wa GB 2, bei iwe chini. T1000 ni kizazi kipya zaidi, wati 50, nguvu yake inakaribia GTX 1650. Ukiikuta kwa bei ya maana, usiondoke.

Inamfaa mchora ramani, mwanafunzi wa uhandisi au usanifu, na mwenye monita tatu au nne.

## Na RX 580 je?

Wengi huniuliza, kwa sababu zimejaa na bei zake zinavutia tangu sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022. Ni wati 185 na tundu la pini 8. Ndani ya boksi la ofisi haiwezekani bila kubadili pawa saplai, na mara nyingi boksi lenyewe. Ukishafanya hayo unajenga kompyuta nyingine, na hiyo ni mada nyingine.

## Kwa hali yako

Boksi jembamba, PCIe 3.0, gemu ndiyo hamu yako: RX 6400, au GTX 1650 fupi kama umeipata na nafasi ya sloti mbili ipo. Boksi jembamba lenye H81 au prosesa ya kizazi cha pili: iache RX 6400, tafuta 1050 Ti fupi au P1000.

Boksi la kusimama, i5: 1050 Ti isiyo na tundu la umeme, baada ya kuikagua kwa GPU-Z. Boksi la kusimama, i7: 1650, kama tofauti ya bei si kubwa.

Unahariri video za harusi au unarusha mubashara: chagua kati ya zile tatu zenye chipu ya kubana video, na ukubwa wa boksi ndio uamue ipi. Unachora majengo: P1000. Unataka YouTube isikwame na monita ya pili iwake: GT 1030 ya GDDR5 inakutosha, na chenji inunue SSD.

Kuhusu Windows: 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha rasmi ya Windows 11 kwa Intel, ukiacha chache, inaanzia kizazi cha nane. Kadi mpya haibadilishi hilo. Kama umeshafikiria kuhamia Linux, hesabu hiyo iingize sasa kabla hujachagua kadi.

Siku ya kununua, beba picha ya ndani ya boksi lako kwenye simu, iliyopigwa kutoka juu ikionesha sloti na pawa saplai, na nyingine ya mgongo wa monita. Kabla ya kuchomeka kadi, sasisha BIOS kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Mashine nyingine za zamani huwasha skrini nyeusi hadi hilo lifanyike.

Yule jirani alibadilishana na mtu mwenye 9020 ya kusimama, akapewa P1000 yenye bati fupi na kuongezewa pesa kidogo. Ilikaa mezani siku tatu akizunguka kutafuta adapta ya mini DisplayPort.